Upembuzi Yakinifu wa Wiki Tisa

Juni 1946 wataalamu watatu waliondoka London kuja Tanganyika, hadidu za rejea mkononi, na nyuma yao serikali iliyokwisha kukosa subira. Kiongozi wao, John Wakefield, hakuwa mgeni: aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa hapa Tanganyika. David Martin alitoka upande wa mashamba makubwa ya United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever. Wa tatu, John Rosa, alikuwa mtu wa hesabu. Walitakiwa kujibu kama inawezekana kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki, kwa wingi wa kutosha kuwaondolea Waingereza uhaba wa mafuta ya kula. Walizunguka kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Septemba jibu lilikuwa tayari: ekari 3,210,000, mtaji wa karibu pauni milioni 25, na mavuno ya tani 600,000 kwa mwaka mambo yakishakaa sawa.

Januari 1951 serikali hiyo hiyo ilitangaza kuuacha mradi. Karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji.

Kwetu Chidya, ukingoni mwa uwanda wa Makonde upande wa Masasi, kisa hiki si cha mbali. Nachingwea ni majirani zetu. Sehemu kubwa kuliko zote ya zile ekari ilipangwa iwe huku, katika eneo lililoitwa Jimbo la Kusini. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga. Reli nayo ilitandikwa kwa ajili ya karanga. Miaka ya mwisho ya 1950 tawi lake likafika Masasi, na muda si mrefu baada ya uhuru ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Wengi hukisimulia kama kichekesho: Mzungu aliyekuja kulima kwa vifaru vya vita. Na ni kweli, vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, vikapewa jina la Shervick, vikaletwa kung'oa vichaka.

Mimi ninakisimulia kwa watu wengine kabisa. Ninawasimulia vijana wanaomaliza shule kongwe ya misheni pale Chidya, wakapita chuo kikuu, wakaishia kwenye ghorofa moja la Dar es Salaam na kadi shingoni iliyoandikwa Meneja wa Biashara, kampuni ya ushauri. Kwa maana mradi wa karanga, kabla haujawa mradi wa matrekta, ulikuwa kazi ya ushauri. Palikuwa na mteja mwenye haraka, hadidu za rejea, siku zilizohesabiwa, ripoti iliyofika kwa wakati. Naam, ilifika kwa wakati. Kwa vipimo vinavyotumika leo kupandisha watu vyeo, wale watatu walifanya vizuri.

Asiyeijua kazi hiyo hudhani meneja wa biashara ndiye anayetoa ushauri. Hatoi. Kazi yake ni kuhakikisha ushauri unatoka. Anawinda tenda, anaandika andiko, anapanga nani aende uwandani na kwa siku ngapi, anazipa siku hizo bei, anamtuliza mteja, anamkimbiza mtaalamu, na mwisho wa mwezi wakurugenzi wanamuuliza ni ankara ngapi zimelipwa. Siku ya mtaalamu ni bidhaa. Siku isiyouzwa ni hasara. Ndiyo maana siku ya kukaa chini ya mwembe ukimsikiliza mkulima anayeanza na habari za msiba wa jirani kabla ya kufika kwenye shamba lake haimo kwenye jedwali la bei, wala hakuna mtu atakayethubutu kuiingiza, maana mshindani wetu hataiingiza, na tenda itakwenda kwake.

Halafu unafika ule usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Aliyewahi kufanya kazi hii anaujua. Chai ya rangi imepoa kwenye vikombe, madirisha ya jirani yote yamezimwa taa, na katika jedwali la hesabu kuna kisanduku kimoja kitupu. Mavuno kwa ekari, tuseme. Aliyetumwa kukijaza hakufika kijijini kwa sababu mvua ilikata barabara. Saa saba za usiku mtu mmoja anasema, "Weka wastani wa mkoa." Unawekwa. Asubuhi hakuna anayekumbuka kuwa ile namba ilizaliwa saa saba za usiku. Ina nukta na tarakimu mbili nyuma yake, imekaa katikati ya wenzake kwa adabu kabisa. Hesabu zote za chini zinasimama juu yake: faida, mkopo, ukubwa wa kiwanda, idadi ya malori.

Hakuna aliyesema uongo pale. Hilo ndilo ninalotaka kijana alielewe kabla hajaingia kwenye lifti ya lile ghorofa. Anayetarajia kukutana na mafisadi atajiandaa kuwakwepa mafisadi, na wapo, lakini hatari kubwa ya kazi hii ni watu waaminifu waliochoka.

Tuwarudie wale watatu. Wazo halikuwa lao. Miezi michache kabla yao Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alikuwa ameipeleka serikalini fikra ya karanga za mashine Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha, Uingereza ilikuwa bado inagawa chakula kwa kadi, mafuta na sabuni vilikuwa haba dunia nzima, na waziri mpya wa chakula, John Strachey, alihitaji kitu cha kuwaambia akina mama waliopanga foleni. Kampuni ikatoa wazo. Mtu wa kampuni akawa mmoja wa watatu waliolipima wazo. Na wazo lilipopita, kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyopewa kuuendesha mradi mwaka wa kwanza, wakati shirika la serikali likisubiri kuundwa. Sisemi waliiba. Ninasema tu kwamba katika chumba kile hakuwepo mtu ambaye jibu la "haiwezekani" lingemwacha salama.

Sasa karanga yenyewe. Mtoto yeyote wa Masasi aliyewahi kutumwa kung'oa karanga anajua tabia zake. Ua lake huchanua juu, la njano, dogo. Likishanyauka hutoa kijiti kinachoinama, kikajichoma ardhini, na tunda likajiumba gizani. Udongo ukiwa mgumu, kijiti hakiingii. Na ukikauka kabla ya kung'oa, unavuta shina linatoka na majani tu, karanga zimebaki chini. Hiyo ni elimu ya mtoto wa miaka saba. Kule Kongwa, nchi ya Wagogo, walikoanzia kazi, udongo mwekundu ukishapigwa na jua baada ya mvua hukakamaa mithili ya sakafu ya saruji, na mchanga wake mkali hula vyuma vya majembe. Mvua yenyewe ya Kongwa ni ya kubahatisha. Wagogo wameishi na njaa zake vizazi na vizazi, na lau wangeulizwa wangesema.

Kwa nini basi waanzie Kongwa, wakati mpango wenyewe ulisema sehemu kubwa ya mashamba iwe kusini, kwenye mvua bora zaidi? Kwa sababu reli ya kati ilipita karibu na Kongwa. Kusini hapakuwa na reli wala bandari ya maji marefu. Vyote vilipaswa kujengwa kwanza, na mteja hakuwa na muda wa "kwanza". Kwa hiyo walianzia reli ilipokuwa, wakaiacha mvua ilipokuwa. Ukikisoma kisa kizima utaona kwamba hakuna uamuzi uliogharimu zaidi ya huu, na kwamba haukuwa uamuzi wa kilimo. Ulikuwa uamuzi wa ratiba.

Hapo ndipo swali lilipobadilishwa bila mtu kutangaza. Wale watatu walipewa swali la "je, inawezekana?" Ripoti ilipotua London, likageuka "itakamilika lini?" Waraka wa serikali wa Februari 1947 ulikuwa umejaa tarehe. Ekari 150,000 zilitakiwa kusafishwa na kupandwa mwaka ule ule wa kwanza. Mwaka ulipokwisha zilikuwa 7,500 hivi. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, nyingine zimetoka kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, zimechoka kabla hazijaanza. Bandari ya Dar es Salaam ikalemewa na mizigo. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilivunja vyuma vilivyotengenezwa kwa nchi nyingine. Kila tatizo lilijibiwa kwa kuongeza: mashine zaidi, watu zaidi, telegramu zaidi. Ofisini hali kama hiyo ina jina la heshima. Inaitwa kuongeza nguvu.

Meneja ninayemfikiria zaidi ya wote katika kisa hiki ni Meja Jenerali Desmond Harrison. Alikuwa mhandisi wa jeshi, mtu wa kazi, aliyepelekwa Kongwa mwaka 1948 baada ya shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, kuupokea mradi. Hakubuni lolote katika yale yaliyokuwa yameharibika. Alirithi tarehe za watu wengine. Alifanya alichofundishwa kufanya mbele ya tarehe: akakaa mezani usiku na mchana, akajaza makaratasi, akaongoza kwa amri, mpaka afya ikamshinda, akarudishwa Uingereza kwa likizo ya ugonjwa. Mwenyekiti wake, Leslie Plummer, mtu aliyepanda vyeo kwenye biashara ya magazeti, alikuwa akiendesha mambo ya shirika lenye makao yake London na mashamba yake Dodoma, Tabora na Nachingwea. Wakaguzi walipofika kwenye hesabu za shirika hawakuridhika na jinsi vitabu vilivyotunzwa. Novemba 1949 Wakefield mwenyewe, ambaye jina lake lilikuwa juu ya ripoti, aliondolewa kwenye bodi.

Kijana anayesoma haya asiharakishe kujiona tofauti na Harrison. Kila kampuni ya ushauri ninayoifahamu ina Harrison wake, mara nyingi ndiye bora waliye naye. Anapewa kazi iliyoharibikia kwenye andiko, andiko ambalo hakuliandika, na kwa sababu ni hodari anaamini uhodari utaziba pengo la siku arobaini zilizouzwa kwa bei ya ishirini. Anakosa harusi ya mdogo wake Newala. Anaanza vidonge vya presha kabla ya kufika miaka arobaini. Wakurugenzi wanamsifu kwenye kikao, na sifa hiyo ndiyo inayomfunga asiseme neno ambalo angelisema mapema lingemwokoa yeye na mteja: hizi siku hazitoshi, na hatutaweza kujua tulichoahidi kujua.

Na huku Nachingwea watu wa mradi walifika, wakasafisha misitu. Baada ya 1951 mashamba yakawa ya majaribio, yakabaki na namba zake. Farm 17 ni jina linalotamkwa Nachingwea mpaka leo, na miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO walifanya kambi yao hapo. Bandari ya Mtwara ilibaki, na kwa haki lazima isemwe: ni bandari nzuri, na korosho zetu zinapita pale. Gati la karanga limekuwa gati la korosho. Hata hivyo sidhani kama kuna mshauri anayeweza kulidai hilo kuwa tunda la ripoti yake.

Korosho ndiyo inayonifanya nisikubali kisa hiki kiishe mwaka 1951. Maana miaka ile ile ya Shervick na telegramu, huku juu ya uwanda, Newala na Masasi, wakulima walikuwa wakipanda mikorosho. Hapakuwa na tume wala upembuzi yakinifu. Mtu alilima muhogo na mtama, shamba likianza kuchoka akaacha mikorosho ndani yake, akahamia kipande kingine. Alitazama wa jirani uliozaa, akaomba mbegu. Kosa la mkulima mmoja liliishia kwenye ekari yake moja na mwenzake akajifunza kwalo. Kufikia msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikiwa za Mtwara na Lindi. Ningependa namba hiyo ibandikwe ukutani mwa kila ofisi ya ushauri, karibu na mashine ya kahawa.

Halafu wakaja washauri wengine, safari hii wameitwa na sisi wenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere iliikodi McKinsey, kampuni ya Kimarekani yenye sifa duniani kote, isaidie kupanga upya utawala wa nchi. Nia ilikuwa njema na ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe: madaraka yashuke kwa wananchi. Mpango ukaitwa Madaraka Mikoani, ukaanza Julai 1972. Kwenye karatasi ulikuwa safi, na michoro ya nani anaripoti kwa nani ilieleweka mara moja. Halmashauri za wilaya na za miji zikafutwa, kazi zao zikaenda kwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na serikali kuu. Madaraka yakashuka kweli kutoka Dar es Salaam, yakaishia kwa ofisa aliyetoka Dar es Salaam.

Mji ukikosa mwenyewe, mtaro unaziba. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria za 1982 zikazirudisha za wilaya, zikaanza kazi tena 1984. Miaka kumi na miwili, basi, ndiyo iliyohitajika kufuta mchoro. Wanasiasa ndio waliopitisha uamuzi, na mzigo wao wasibebeshwe wageni. Lakini meneja wa biashara atanielewa nikisema kwamba mchoro mzuri una nguvu yake. Halmashauri ya wilaya, pamoja na ugomvi wake na madiwani wake wanaochelewesha vikao, haichoreki vizuri kwenye karatasi. Mkurugenzi mmoja na mshale unaoshuka chini yake vinachoreka.

Katika miaka hiyo hiyo mambo mengine yaliuangukia uwanda. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wakawa mbali na mikorosho yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Bei aliyolipwa mkulima haikumpa sababu ya kutembea maili kadhaa kwenda kupalilia. Ugonjwa wa ubwiri unga ukashika maua. Na kati ya hayo yote, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda vya kubangulia korosho: Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Nachingwea na kwingineko, na mashine kutoka Italia na Japani. Ukubwa wake ulipimwa kwa mstari wa mavuno uliokuwa ukipanda. Wakati kuta zinasimama, mstari ulikuwa umekwisha kugeuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilivuna chini ya tani 20,000 kwa msimu. Baadhi ya viwanda vilifanya kazi kidogo, vingine havikufanya kabisa. Miaka ya baadaye maghala yake yakawa ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri mnada.

Aliyeirudisha korosho si mtu wa slaidi. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, walikaa na ugonjwa ule misimu kwa misimu, wakapima salfa, lini ipulizwe na kiasi gani kwa mti, wakachagua miche inayostahimili. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuharakishwa kwa sababu mkorosho huchanua mara moja kwa mwaka, na hakuna mkurugenzi awezaye kuuamuru uchanue robo ya pili ya mwaka wa fedha.

Namfahamu dada mmoja wa kwetu aliyepanda mpaka kuwa meneja wa biashara katika kampuni ya ushauri ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Kampuni yake ilishinda kazi ya upembuzi wa kiwanda cha kubangulia korosho, mwekezaji akitaka ripoti ndani ya siku ishirini na moja. Wakati huo vijana wake walikuja mpaka Chidya na vishikwambi, na yeye akaja nao, jambo ambalo mameneja hawalifanyi. Kwenye ua wa bibi mmoja kijana alianza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibuni, kaeni."

"Bibi, una mikorosho mingapi?"

"Ninayookota au ninayopalilia?"

Kijana akamtazama meneja wake. Kwenye kishikwambi palikuwa na kisanduku kimoja.

"Yote, bibi. Iliyo yako."

"Iliyo yangu, mjukuu wangu, ni ile ya kule bondeni, aliniachia mama. Lakini nimeiweka rehani mpaka msimu wa mwakani uishe, alipougua huyu mtoto. Hii mnayoiona hapa ni ya mjomba wao, mimi napalilia, naokota, tunagawana. Sasa mnataka niwape ipi?"

Dada yule aliniambia kwamba kijana aliandika "34" na akataka kuaga, ana kaya kumi na moja za kumaliza kabla ya giza. Yeye akamzuia, akakaa. Walikaa mpaka adhuhuri. Alipoondoka alikuwa amejua kwamba korosho za bibi za kule bondeni zitauzwa na mtu aliyeshika rehani, kwamba huyo huziuza mapema kwa walanguzi wa kangomba akibanwa na ada za shule, na kwamba kiwanda kinachotegemea kununua kupitia chama cha msingi hakitaziona. Ni ua mmoja. Ila nyua za jirani zilikuwa na habari za namna hiyo hiyo, kila mmoja kwa mtindo wake, na katika jedwali zote zilikuwa namba kamili.

Dar es Salaam aliongeza ukurasa mmoja mbele ya ripoti, wenye kichwa "Mambo ambayo hatukuyachunguza". Yalikuwa saba. Bosi wake alimwita.

"Dada, toa huu ukurasa. Mteja hanunui mashaka."

"Anayanunua, bosi, tukiyapa jina."

"Jina gani?"

"Awamu ya Pili. Uhakiki wa msimu. Tunakwenda tena Oktoba wakati wa mavuno, tunafuata korosho kutoka chini ya mti mpaka mnadani. Nimeshapiga bei, ipo ukurasa wa mwisho."

Bosi akafungua ukurasa wa mwisho kabla ya kusoma ule wa kwanza, kama alivyojua atafanya. Ukurasa wa mashaka ukabaki. Mimi nilipousikia mpango huu nilicheka, kisha nikaona kwamba ndani ya kazi ya namna ile pengine hakuna njia nyingine: anayetaka kulirudisha mezani lile swali la "je, inawezekana?" itabidi alipangie siku na alitolee ankara, maana lisilo na ankara halina mtu wa kulitetea kikaoni.

Mwekezaji alilalamika kwamba anauziwa kitu kile kile mara mbili. Akalipia msimu mmoja. Vijana walirudi Chidya, Chiwata na vijiji vya Newala, wakalala huko, wakaokota korosho na wenyeji, wakakaa kwenye foleni za mizani za ghala la chama. Ripoti ya pili ilishauri kiwanda kiwe theluthi ya kile kilichoombwa, na kisijengwe mpaka suala la rehani lipatiwe ufumbuzi na benki moja au nyingine. Mwekezaji hakufurahi. Kazi iliyofuata aliipeleka kwa kampuni nyingine, iliyoahidi kuimaliza kwa siku kumi na nne.